Holmes anakisia, ila anakisia vizuri

Kaka, umeuliza kama Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Conan Doyle, kweli anafuata mantiki. Mimi naona anakisia vizuri tu, na mwandishi yuko upande wake. Chukua ile hadithi ya 1887 anapokutana na Watson mara ya kwanza na kumwambia kuwa yeye Watson ametoka Afghanistan: ngozi imeungua jua, mkono wa kushoto umekakamaa, ana sura ya daktari wa jeshi. Sawa, lakini miaka hiyo Waingereza walipigana Afrika Kusini pia, na jua la huko si la mchezo. Mantiki kamili haiachi jibu la pili, hapa lipo.

Juzi hapa Ngamiani muuza kahawa kaniona na grisi chini ya suruali, mguu wa kulia. Akasema, “Leo umekuja na baiskeli.” Mnyororo huwa kulia, na Tanga yetu hii kwa baiskeli unaijua, kwa hiyo hakukosea kufikiri. Kumbe nilikuja kwa miguu, suruali niliazima kwa mdogo wangu! Ingekuwa kitabuni, ningetoa macho na kuuliza, “Umejuaje?”