Alirudi msimu wa salfa

Juzi msomaji mmoja wa Nachingwea kaniandikia: "Dada, mume wangu amerudi, hela ya korosho imemwishia. Mchungaji anasema nimpokee kama Hosea. Nifanyeje?" Hosea ni yule nabii wa Biblia aliyempokea tena mkewe, Gomeri, baada ya mke huyo kuzini. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo nimewahi kulala nalo.

Wangu aliondoka Novemba, wiki ileile malipo ya mnada wa korosho yalipoingia benki. Aliaga anakwenda Mtwara mjini kununua bati. Bati hazikuja, zilikuja habari: kapanga chumba na mtu, jioni wanaonekana ufukweni wanakula pweza. Wifi yangu akanifuata uani kuniambia nishukuru sikupewa talaka. Wifi, kama unasoma hapa, neno lile nalikumbuka mpaka leo. Miezi iliyofuata naiacha. Nilichimba ming'oko, vile viazi vya porini, nikanunua sare za shule, basi.

Akarudi Juni, na sisi wa Masasi tunajua Juni mikorosho inataka salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu. Kasimama mlangoni na begi moja, ndala zimekatika. Sikujua amerudi kwangu au kwenye mikorosho.

Usiku ule nilisoma Hosea yote, kwa hasira. Nimehubiriwa tangu usichana kwamba Gomeri ni sisi wanawake. Lakini mke mzinzi ambaye nabii anamsema ni taifa zima la Israeli, na makuhani wake na wakuu wake wenye ndevu, na mume ni Mungu. Basi mlangoni kwangu Gomeri alikuwa amevaa suruali! Tena katika Hosea mlango wa pili, mstari wa 7, yule mke anasema atamrudia mume wake wa kwanza kwa sababu hali yake ilikuwa njema zaidi kule. Njaa ndiyo iliyomrudisha. Mungu analijua hilo, amelisikia kwa masikio yake, na bado mstari wa 14 anasema atambembeleza, na wa 19 anamposa upya, kama msichana ambaye hajawahi kuolewa. Hapo nililia.

Angalia na mlango wa tatu. Hosea anamkomboa mkewe kwa vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri, homeri ni kipimo cha nafaka. Katika Kutoka 21, mtumwa akiuawa na ng'ombe bwana wake hulipwa shekeli 30. Kwa hiyo fedha ya Hosea ilikuwa nusu ya bei hiyo ya mtumwa, nyingine akalipa nafaka. Mimi namwona mtu anayekung'uta mifuko.

Sasa mdogo wangu, hapa ndipo wahubiri wengi wanaruka. Baada ya kumkomboa, Hosea anamwekea masharti: utakaa siku nyingi, hutakwenda kwa mwingine, na mimi vilevile kwako. Siku nyingi! Kumpokea si kumfungulia chumba usiku huohuo. Wangu alilala sebuleni kwenye mkeka. Tulikwenda kupima, tukarudia baada ya miezi mitatu. Na nilimwambia kila kitu kilichoniuma, mbele ya mjomba wake, maana Mungu naye katika Hosea hanyamazi, analalamika mlango baada ya mlango. Sema. Omba, kisha sema tena. Kama anakupiga, hiyo siyo habari ya Hosea, nenda Dawati la Jinsia polisi.

Jamani, sisi sote ni Gomeri. Tunakumbuka kanisa mvua ikigoma, tukishalipwa tunamsahau Mungu aliyetupatia nafaka na mafuta. Isaya 54 inasema Muumba wako ndiye mume wako. Ukilielewa hilo hutampokea mumeo kama mungu mdogo aliyeshuka, wala kama mbwa. Omba, dada, na useme.

Wangu mwaka huu kapuliza salfa mwenyewe, macho mekundu, anakohoa, hajalalamika. Nimempikia uji. Korosho zikienda ghalani, zinaandikwa kwa jina langu, na akaunti ni yangu.