Muulize Dada wa Vitabu: Shakespeare Acheze Namba Ngapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mwalimu wa Kiswahili huku Mafinga. Klabu yetu ya kusoma ilibishana jioni nzima, eti ukichukua waandishi wakongwe wa nje na wa kwetu ukawapanga kikosi cha mpira, nani anakaa wapi? Vijana wanataka Shakespeare awe straika kwa sababu ndo maarufu kuliko wote, mi nikakataa ila hoja sikuwa nayo. Tusaidie.
Mwalimu, Mafinga

JIBU: Marahaba mwalimu. Ulikuwa sahihi kukataa. Mtu hapewi namba kwa jina lake, anapewa kwa jinsi anavyoandika, na watu wa nyanda za juu kusini tusidanganyike na majina, maana msimu wa 2013/14 Mbeya City ndo kwanza imepanda Ligi Kuu ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba wakiwa chini yake.

Golini hakuna mjadala, ni Albert Camus. Huyu alikuwa kipa kweli, alidaka timu ya vijana ya Racing Universitaire d'Alger kule Algiers mpaka kifua kikuu kikamtoa uwanjani akiwa na miaka 17, Nobel ya fasihi akaja kuipata 1957. Na kitu kinachonifurahisha sana ni kwamba hayupo peke yake, Nabokov, yule mwandishi Mrusi, naye alidaka akiwa anasoma Cambridge, Arthur Conan Doyle alidaka Portsmouth tena kwa jina la bandia, A. C. Smith. Mi siamini kama imetokea tu. Kipa ndo mtu anayepata muda wa kusimama akawaangalia wengine wote 21 wanafanya nini, na akikosea mara moja uwanja mzima umeona. Mwandishi anaishi hivohivo.

Beki wa kati Tolstoy, mvumilivu, haruki ovyo, na mwili anao, alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka 67. Pembeni yake Chinua Achebe, sentensi fupi, anakata mpira anapiga mbele.

Namba 6 ni Dickens kwa sababu ya pumzi. Riwaya zake zilikuwa zinatoka vipande vipande kila mwezi, nyingine kila wiki, miaka na miaka, wasomaji wanasubiri na hatakiwi kuchelewa. Alafu mwaka 1857 alitoka London usiku kwa miguu mpaka nyumbani kwake Kent, kama maili 30 hivi, yani km 48. Atakaba dakika zote 90.

Sasa huyo Shakespeare wa vijana wako. Namba 10! Ni mtu wa tamthilia, kazi yake ni kuwapa wenzake maneno, mpaka mlinzi wa mlangoni anapewa zamu yake ya kung'aa, sasa mtu kama huyo unamwekaje mbele asubiri kulishwa wakati yeye ndo wa pasi ya mwisho? Na mpira aliujua. Kwenye tamthilia yake ya King Lear, mhusika anayeitwa Kent anamtega mwenzake Oswald mguu anaanguka chini, alafu anamtukana kwa kumwita mcheza mpira hohehahe. Faulo ya wazi kabisa hiyo, na tamthilia yenyewe ina zaidi ya miaka 400. Wasomee vijana hicho kipande darasani, wataelewa.

Kepteni Shaaban Robert, namba 8. Mashairi anaandika, riwaya anaandika, insha na wasifu pia, yani anapiga kwa miguu yote miwili, na kokote utakapomfungua ana utulivu uleule. Timu ikifungwa goli la mapema namtaka yeye ndo aongee na wenzake.

Straika mpe Muyaka bin Haji wa Mombasa, na hapa sibadilishi mawazo hata mkibishana wiki nzima. Enzi zile Mombasa ina ugomvi na Lamu na Sayyid Said wa Zanzibar, Muyaka alikuwa anawajibu kwa shairi, mistari minne kwenye ubeti, anapokea mpira, anageuka, kashafunga. Kila ubeti una pigo lake. Wengi wanaandika kurasa 10 hawafiki alipofika yeye kwenye mistari minne.

Kocha ni Mwana Kupona. Utendi wake wa 1858 aliutunga akiwa mgonjwa, anamwelekeza binti yake hatua kwa hatua, na maelekezo yanaeleweka. Mabeki wa pembeni na mawinga wachague vijana wenyewe.

SWALI: Dada shikamoo, nipo kidato cha tano Tukuyu. Naonaga besiboli kwenye simu naipenda. Hao waandishi wangeiweza?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wapo wanaoiweza. Timu ni watu tisa, mrushaji anasimama kama mita 18 kutoka kwa mwenye gongo, na mwenye gongo akikosa mara tatu anatoka. Urushaji mpe Agatha Christie, yule wa riwaya za upelelezi, mpira unauona unaenda kushoto kumbe mwenzio kashaupeleka kulia. Kati ya besi ya pili na ya tatu, anapotakiwa mtu asiyepitwa na kitu, weka Jane Austen. Tena kaitaja besiboli mwenyewe kwenye Northanger Abbey, riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817 miezi michache baada ya kufa kwake. Msichana Catherine ana miaka 14 na anapenda kriketi, besiboli, kupanda farasi na kukimbiakimbia kuliko vitabu. Wengi wanajua mchezo huu ni wa Marekani tu, kumbe mwanamke wa Uingereza alikuwa anaujua zamani hizo.

Mark Twain muweke jukwaani aongoze kushangilia. Mwaka 1875 alienda kuangalia mechi Hartford, akawa anashangilia kwa nguvu zote, mtoto akaondoka na mwavuli wake wa hariri wa kahawia. Twain akatoa tangazo gazetini, dola 5 kwa atakayeurudisha.