Barua kwa mwanangu: maiki ikizimika, nani anakimbia?

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata pamoja na sura tano za riwaya. Nimezisoma mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi. Umeniuliza swali moja tu: maiki ya nyota ikizimika katikati ya wimbo, nani anakimbia? Najua limetoka wapi. Sura ya tatu inamwonyesha binti wako, msaidizi wa mwimbaji maarufu, akikatiza jukwaani na betri mbili mkononi mbele ya umati mzima, na wasomaji wako wa kwanza wamekwambia hawakuamini. Hawajakosea.

Hakimbii mtu. Pembeni mwa jukwaa, alipo fundi wa maiki zisizo na waya, kuna maiki ya akiba iliyowashwa tangu kabla ya onyesho. Ina betri mpya, imeshapimwa, na ina njia yake kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, ila njia hiyo imefungwa. Ya kwanza ikifa, fundi anainama hadi ukingoni mwa jukwaa na kunyoosha mkono. Nyota anaipokea kama anayepokea taulo, na mwenzake kwenye mikisa anaifungua njia ile ya pili. Ni suala la sekunde chache, na wengi ukumbini hawatambui lolote. Halafu betri zenyewe ni nadra kuishia katikati ya wimbo, kwa sababu hubadilishwa zote kabla ya onyesho, hata kama bado zina nguvu. Zilizotolewa zinakwenda kutumika kwenye mazoezi ya kesho yake mchana. Ukitaka maiki izime, tafuta sababu nyingine: kidole cha mwimbaji kimegusa swichi ambayo fundi alisahau kuifunga au kuibandika tepu, au, kama ni maiki ya kuvaa kichwani, kile kifaa cha mgongoni kinachorusha sauti yake kimeingia jasho.

Hilo la jasho lishike, maana lina manufaa kwako. Kisanduku kile cha mgongoni ni kidogo kama pakiti ya kadi za kuchezea, na kinakaa kiunoni, mahali ambapo jasho lote la mgongo linateremkia. Mafundi hukivisha kondomu isiyo na mafuta, wakaifunga kwa tepu pale waya unapotokea, maana pale kwenye plagi ndipo maji hupenyea. Ukiandika hivyo, aliyewahi kuifanya kazi hii atajua kwamba uliuliza kwanza.

Sasa kosa lenyewe, ambalo halikuanzia kwenye betri. Binti wako anafanya kila kitu. Anapeleka maji, anashona gauni, anatengeneza maiki, anabishana na walinzi, anahesabu posho. Hizo ni kazi za watu watano au sita, na kila mmoja ana mpaka wake anaoulinda kwa wivu. Meneja wa ziara anashughulika na watu: hoteli, ndege, pasi za kuingilia, nani alale wapi. Meneja wa uzalishaji anashughulika na vitu: malori, umeme, winchi za mnyororo zinazopandisha taa na spika darini. Meneja wa jukwaa ameshika saa. Msaidizi binafsi wa nyota wala si mtu wa jukwaa. Yeye ana paspoti, dawa zikiwa kwenye pakiti zake za asili ili forodhani wasimsumbue, chaja, na lile jina la bandia ambalo nyota anaandikishwa nalo hotelini. Msaidizi akigusa waya wa sauti, fundi atamwondoa pale kwa upole mara ya kwanza, na mara ya pili bila upole.

Kwa hiyo mchagulie kituo kimoja. Huko nyuma kila hitilafu ina mwenyewe, na msisimko wa hadithi yako utatoka kwenye hitilafu ambayo mwenyewe ni yeye. Ningekuwa wewe ningemfanya mvalishaji. Fundi wa taa yuko mbali, dereva wa lori amelala wakati wa onyesho, lakini mvalishaji anamgusa nyota kwa mikono yake, gizani, mara nne au tano kwa usiku, wakati ambapo nyota hana uso wa kuonyesha watu.

Nikuchoree kibanda cha kubadilishia. Ni hema dogo la kitambaa cheusi, kama mita mbili kwa mbili, limewekwa nyuma au chini ya jukwaa, hatua chache kutoka mahali pa kutokea. Chini pana zulia, kwa sababu mguu mtupu haukanyagi nyaya na skrubu. Taa ni ya buluu, hafifu, isiyoonekana kutoka ukumbini. Kuna kioo, feni, taulo, na kikombe chenye mrija ili rangi ya midomo isiharibike. Wavalishaji wamevaa nyeusi tupu, na kwenye aproni zao kuna pini kubwa zilizokwisha kufunguliwa, sindano mbili zenye uzi tayari (mmoja mweusi, mmoja wa rangi ya ngozi), mkasi, na tepu ya nguo ya pande mbili.

Tuseme una sekunde 45. Nyota anaingia, anasimama katikati ya zulia na kunyoosha mikono pembeni. Hafanyi lolote jingine. Mmoja yuko nyuma yake, anashughulikia zipu na mgongo. Wa pili amepiga magoti, anashughulikia kiuno kwenda chini. Wa tatu yuko mbele, nywele na jasho la uso. Suruali inayofuata imekunjwa na kuwekwa sakafuni kama pete mbili, viatu vikiwa vimekaa ndani ya pete hizo, vina lastiki mahali pa kamba. Nyota anashika bega la aliyepiga magoti, anainua mguu mmoja, kisha wa pili, na suruali inavutwa juu. Hakuna anayezungumza ila mmoja anayehesabu kwa sauti ya chini: thelathini, ishirini, kumi. Sauti za watu wengi pale ndani humchanganya mwimbaji kuliko giza.

Nguo zenyewe hazikushonwa kama nguo za dukani. Mahali pa vifungo kuna vishikizo vya kubonyeza au velkro, na vile vifungo unavyoviona kwa nje ni mapambo. Kishikio cha zipu kimefungwa kitanzi cha utepe ili kidole kilicholowa kisiteleze, na meno yake yamepakwa nta ya mshumaa. Kisanduku cha sauti, kile cha mgongoni, hakihamishwi kutoka nguo hadi nguo. Kinakaa kwenye mkanda wa lastiki uliovaliwa juu ya ngozi, chini ya kila kitu, na kila vazi lina upenyo uleule mgongoni wa kupitishia waya. Fundi cherehani akikosea upenyo huo kwa vidole viwili tu, waya unavutika mwimbaji anapoinama, na kifaa cha sikioni, kile anachosikilizia muziki, kinachomoka.

Mambo yanaharibika wapi? Kwanza zipu kuuma bitana. Hiyo ndiyo mama wa hitilafu zote. Husababishwa na bitana iliyokatwa pana kupita kiasi, na mkono uliovuta kwa pembe badala ya kuvuta wima. Ukiivuta kwa nguvu inazidi kuuma. Mvalishaji mzuri anairudisha chini nusu kidole, anaivuta bitana pembeni, anajaribu tena mara moja. Ikigoma hapigani nayo. Pini tatu, koti juu yake, nyota atoke. La pili ni ngozi iliyolowa, ambayo nguo ya kubana haitaki kuipanda. Ndiyo maana taulo hutangulia nguo, hata kama inakula sekunde tano. La tatu ni waya wa sikioni kupita juu ya mkanda wa bega badala ya chini yake. Hilo halionekani gizani, na litakuja kujulikana nyota akishafika jukwaani na kugeuza shingo.

Ndiyo maana kubadilisha nguo hufanyiwa mazoezi kwa saa ya kuhesabia: kwanza taa zikiwaka, kisha gizani, kisha nyota akiwa amecheza wimbo mzima ili aingie kibandani akihema na kutiririka jasho. Wanaoruka hatua ya tatu huijutia usiku wa kwanza. Baada ya onyesho nguo haziwezi zote kufuliwa, hasa zenye shanga, basi hunyunyiziwa kwa ndani vodka iliyotiwa maji kidogo, zikatundikwa mbele ya feni. Pombe inaua harufu, inakauka upesi, wala haiachi marashi. Mpe binti wako harufu hiyo kwenye vidole. Yeye ataizoea, ila abiria wa kiti cha pili hataizoea.

Mtu wa pili unayemhitaji ni fundi wa sauti ya jukwaani. Usimchanganye na yule anayekaa katikati ya ukumbi. Huyo anawachanganyia wasikilizaji. Huyu amejificha pembeni na anamchanganyia nyota peke yake kile kinachoingia masikioni mwake. Sababu ya kuwepo kwake ni hesabu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Ukumbi wa kina cha mita 60 humrudishia mwimbaji sauti yake mwenyewe kutoka ukuta wa mwisho baada ya mita 120, yaani karibu thuluthi moja ya sekunde. Ni vigumu mno kuimba sawasawa na mdundo huku ukisikia hilo. Basi masikio huzibwa kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa umbo la sikio lake mwenyewe, na ndani yake anasikia sauti yake, ala chache, kliki ya kushika mdundo, na mara nyingine sauti iliyorekodiwa ikimwambia: ubeti wa pili, tatu, nne.

Ila masikio yakizibwa umati unatoweka. Mwimbaji mbele ya maelfu anajisikia kama amefungiwa kabatini. Fundi huweka maiki ukingoni mwa jukwaa zikiwaelekea watu, na kumrudishia kelele zao kidogokidogo. Zingatia jambo hili kwa ajili ya sura ya tano, pale nyota wako anapochomoa kifaa cha sikio moja ili awasikie mashabiki. Umeliandika kama tendo la mapenzi. Kwa fundi ni kengele ya hatari: sikio moja likiwa wazi, nyota ataomba sauti ipandishwe kwenye lile lililobaki, na sikio hilo ndilo litakaloumia. Kwa hiyo fundi huyu hamwondolei macho kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kidole cha nyota kikielekea juu, ongeza. Mkono ukigusa sikio, kuna tatizo, na fundi anatakiwa ajue lipi kabla hajaulizwa.

Kuna pia hila za mawimbi ya redio yanayobeba sauti za maiki hizo, na hapa unaweza kupata hitilafu nzuri isiyo na mkosaji wa wazi. Transmita mbili, yaani vifaa vya kurusha mawimbi hayo, zikiwa karibu huzaa mawimbi mengine ambayo hakuna aliyeyatuma. Moja ikiwa kwenye megahezi 500 na nyingine kwenye 501, huzaliwa mazimwi kwenye 499 na 502. Ukiiweka maiki ya tatu kwenye 502, itakoroma ovyo. Zidisha mara maiki na vifaa vya sikioni 30, ongeza vituo vya televisheni ambavyo hubadilika kila mji, ndipo utaelewa kwa nini mtu mmoja hupima mawimbi kila asubuhi na kupanga upya. Mgeni akiingia mchana na maiki yake isiyo kwenye orodha, mpango wote umeharibika.

Mengine nayapitia haraka. Mafundi wa kupandisha vitu darini huingia wa kwanza, asubuhi, na kuchora alama za chaki sakafuni. Spika, taa na skrini hupanda kabla jukwaa halijasukumwa mahali pake. Sauti hupimwa alasiri, na kubomoa huanza watu wakiwa bado wanatoka. Malori hupakiwa kinyumenyume, kitakachohitajika kwanza kesho huingia mwisho. Ndani ya basi watu hulala miguu ikielekea mbele, ili breki ya ghafla isivunje shingo. Mipakani vifaa huenda na hati ya forodha yenye kila kitu kwa namba yake, uzito na thamani, hati inayodumu mwaka mmoja tu. Sanduku moja likibaki nyuma bila kuandikwa, karatasi na lori havilingani, na lori litasubiri.

Sasa rudi sura ya tatu. Acha betri. Mweke binti kibandani, sekunde ya 22, zipu imeuma bitana katikati ya mgongo. Huko nje wachezaji wanacheza kipande cha kujaza muda. Kama bendi inapiga yenyewe, kiongozi wa muziki anaweza kuambiwa arudie mizunguko minne. Lakini wewe umeshaandika kwamba onyesho linaendeshwa na sauti zilizorekodiwa, ambazo zinakwenda kwa saa ileile inayoendesha taa na skrini. Muziki huo haumngoji mtu. Umejitengenezea tatizo zuri, litumie. Na usimfanye nyota apige kelele. Mfanye ashike bega la binti kwa nguvu kuliko kawaida, basi.

Nitumie sura hiyo ukishaiandika upya. Kabla hujaituma, vaa gauni lenye zipu ndefu mgongoni, jilowanishe mabega kwa maji, uzime taa, umwombe rafiki akuvue na kukuvisha jingine huku ukihesabu kwa sauti. Pembezoni mwa ukurasa niandikie namba uliyofikia.

Mama yako