Wasomaji wauliza: mimi ni mtu wa kazi nyepesi au nzito?

SWALI: Naishi Likoni, ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nina miaka 34, kilo 82, urefu sentimita 170. Kila siku navuka feri kwa miguu, na mara tatu kwa wiki naenda jimu dakika 45. Programu ya simu iliniuliza kiwango cha shughuli zangu, nikachagua "mchangamfu sana", ikanipa kalori 2,963 kwa siku. Nazifuata, na mshipi wazidi kubana. Kosa liko wapi? – Karani, Likoni

JIBU: Kosa liko kwenye hilo "mchangamfu sana". Programu haikukudanganya. Ilichukua kalori zako za msingi ikazizidisha kwa 1.725, kama ulivyoiambia. Wewe ndiye uliyejipandisha cheo.

Tuanze na hizo za msingi, ambazo mwili ungezitumia hata ukilala kitandani kutwa nzima: za moyo, mapafu, ubongo, ini. Fomula inayotumika sana ni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Zidisha kilo zako kwa 10, sentimita za urefu kwa 6.25, ujumlishe. Toa umri mara 5. Mwanamume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Kwako ni 820 + 1,062.5 – 170 + 5, yaani kama 1,718. Kalori tunazotaja hapa ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula; kwenye maabara huitwa kilokalori.

Namba ya pili, ya kuzidishia, ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu huichagua kwa jina lake badala ya kuihesabu. Shika karatasi uandike jana yako, saa kwa saa. Jana yenyewe, si siku unayotamani kuwa nayo. Kila shughuli ina uzito wake ukilinganisha na kulala, ambako ni 1.0. Uzito mwingi tunaotumia hapa unatoka kwenye majedwali ya jopo la FAO (shirika la chakula na kilimo), WHO (shirika la afya) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa lililokutana mwaka 2001.

Siku yako tumeikisia hivi, saa za kila shughuli tukizizidisha kwa uzito wake. Usingizi saa 7.5, ni 7.5. Kuoga, kutawadha na kuvaa saa 1 kwa 2.3. Kula saa 1 kwa 1.5. Kiti cha ofisi saa 8.5 kwa 1.5, ni 12.75. Kukaa ndani ya matatu saa 1 kwa 1.2. Kutembea, pamoja na kuteremka na kupanda ule mteremko wa feri, saa 1 kwa 3.2. Kusimama ukingoja feri nusu saa kwa 1.5, ni 0.75. Kazi ndogondogo za nyumbani nusu saa kwa 2.8, ni 1.4. Baraza, simu na runinga saa 3 kwa 1.4, ni 4.2. Saa zimetimia 24. Ukijumlisha unapata 34.8, gawanya kwa 24, unapata 1.45.

Jimu sasa. Dakika 45 mara tatu ni saa 2.25 kwa wiki, ambazo zikigawanywa kwa siku saba ni kama dakika 19 kwa siku. Hata tukiipa uzito wa 6, na wengi jimu nusu ya muda hupumzika kati ya seti na kutazama simu, namba yako inapanda kutoka 1.45 hadi 1.51 tu. Ni kama kalori 105 kwa siku. Kiti cha ofisi kimechukua zaidi ya theluthi ya siku yako, na dakika 19 haziwezi kukiondoa.

Basi 1,718 mara 1.51 ni kama 2,590. Umekuwa ukila takriban 370 zaidi kila siku, sawa na vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya kupikia. Ndani ya sufuria ya pilau hakuna atakayeviona. Angalia pia kama programu inakuongezea kalori za jimu kila unapoirekodi. Ikiwa ndivyo, jimu imo tayari ndani ya ile namba na unaihesabu mara mbili. Hilo tunaliona mno.

Ukitaka kuipandisha namba, badili saa moja ya runinga iwe ya kutembea kila siku. Hiyo ni kama kalori 129, inaipita jimu yako, ilimradi ukienda ufukweni Mama Ngina utembee kweli, usikae na karatasi ya mihogo ya kukaanga.

SWALI: Mimi sifanyi mazoezi yoyote, kwa hivyo nilichagua "mtu wa kukaa", nikaambiwa kalori 1,560. Alfajiri napika mahamri na mbaazi, nauza, halafu kazi za nyumba. Maji natoa chini kwa mitungi hadi ghorofa ya pili. Nina miaka 41, kilo 68, sentimita 158. Wiki ya pili hii kichwa chaniuma na nasikia kizunguzungu. – Mama Mahamri, Majengo

JIBU: Dada yetu, acha hiyo 1,560 leo, na ukipata nafasi ukapimwe presha na damu, kwani kizunguzungu kina sababu nyingi. Njaa ni mojawapo.

Neno "mazoezi" ndilo lililokupoteza. Mwili haujui kama mtungi wa lita 20, ambao ni kilo 20 za maji, unaubeba kwa ajili ya afya au kwa ajili ya kuosha vyombo. Kuteka maji kuna uzito wa 4.4, kupika 2.1, kusimama na kubeba vitu vyepesi 2.2, kazi za nyumba 2.8. Tukikupa saa 5 za jikoni, 4 za kuuza, 2.5 za usafi na kufua, nusu saa ya kuteka maji, 1 ya kutembea, 1 ya kuoga na kuvaa, 1 ya kula, 2.5 za kupumzika na 6.5 za usingizi, jumla ni 45.5. Gawanya kwa 24: 1.90. Majedwali yaleyale huita 1.40 hadi 1.69 maisha ya kukaa au kazi nyepesi, 1.70 hadi 1.99 kazi ya wastani, na 2.00 hadi 2.40 kazi nzito. Wewe umekaribia nzito.

Kalori zako za msingi ni kama 1,302, kwa hivyo mahitaji yako ni karibu 2,470. Kama nia ni kupungua, toa 300 au 400, si 900.

SWALI: Nikicheza mpira mwezi wa Machi jasho lanitoka chapachapa, na mzani waonyesha nimepungua kilo nzima. Niongeze kiwango changu? – Mchezaji, Tudor

JIBU: La. Hiyo ni lita moja ya maji, na itarudi ukinywa. Hesabu dakika za mpira, jasho liache.

SWALI: Nitajuaje kama namba niliyopata ni ya kweli? Mimi ni dereva wa tuktuk na simu yaniambia natembea hatua elfu kumi na mbili. – Dereva, Kisauni

JIBU: Mashimo ya barabara nayo huhesabiwa hatua. Tembea na simu siku moja usiyoendesha tuktuk uone zimebaki ngapi.

Kula kwa kufuata hiyo namba ya kalori, na ujipime uzito asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, mzani uleule, kila siku kwa wiki tatu. Linganisha wastani wa wiki ya kwanza na wa ya tatu, kwa sababu siku mojamoja hupanda na kushuka kwa chumvi na maji tu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700. Ukiongezeka nusu kilo kati ya wastani hizo mbili, ambazo ziko siku 14 mbali, umezidisha kama 275 kwa siku: zitoe kwenye namba yako. Usianze kipimo hiki Ramadhani wala wiki ya Idi.