Begi lilipopanda gari

Mwanangu,

Salamu kutoka Marangu. Mama yako hajambo, migomba imesimama vizuri, mvua ndiyo inatuchelewesha. Juzi kwenye simu uliniuliza jambo nikashindwa kulijibu palepale, mtandao unakatika na mimi maneno ninayo mengi. Ulisema wenzako wa kazini hapo Osaka wamekucheka: umemlipia baba msafara wa raha wa Kumano Kodo, zile njia za kale za hija huko Japani, mwongozaji mbele, begi kwenye gari, jioni maji moto. Hiyo ni hija au utalii? Ukauliza kama ulinikosea.

Hukunikosea. Ila unajua kazi iliyokusomesha, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa mapana.

Miaka 22 nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Kambi za Mandara, Horombo, Kibo, kilo 20 za mgeni kichwani na vyangu mgongoni. Sasa asubuhi ile pale Takijiri, tulipoanzia kutembea, kijana mmoja akaja na kigari chake, akabandika karatasi kwenye begi langu, akainama, akaondoka nalo. Nusu saa nzima nilitembea nikigeuka nyuma kama mtu aliyesahau mtoto sokoni. Na ule mwinuko wa mwanzo si wa mchezo, mizizi ya miti imetambaa juu ya njia mpaka unakanyaga kwa kuchagua.

Tulipopumzika, mwongozaji alitusimulia kwamba karibu miaka 900 iliyopita wafalme waliokwisha kung'atuka walikuwa wakitoka Kyoto kwenda Kumano kuhiji. Mmoja wao, Go-Shirakawa, alikwenda zaidi ya mara 30. Walisafiri na mamia ya watu. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha mlimani: mizigo alibeba nani? Akacheka kidogo, akasema watumishi na farasi. Majina ya watumishi hakuwa nayo. Basi waambie wenzako kwamba waliovuma kwa hija hiyo ndio waliobebewa kuliko wote. Raia wa kawaida walikuja kujaa baadaye, mpaka Wajapani wakawafananisha na msururu wa sisimizi. Wanawake nao walipokelewa, wakati milima mingine mitakatifu iliwafungia njia. Kilele kimoja cha milima ya Omine, si mbali sana na hapo, hadi leo mwanamke hapandi. Mama yako nilipomwambia hilo alisonya.

Siku iliyonikaa moyoni ni ile ya kutoka Hosshinmon hadi hekalu kuu la Hongu. Kilomita 7 tu, tena nyingi za kuteremka, katikati ya mashamba ya chai na nyumba za wakulima. Njiani kuna vihekalu vidogo, na kila kimoja kina kisanduku chenye muhuri. Unagonga kwenye kijitabu chako. Ukifika Fushiogami, bonde linafunguka, na hapo mahujaji wa zamani walikuwa wakipiga magoti kwa kuwa ndipo walipoiona Hongu kwa mara ya kwanza. Mwongozaji wetu, aliyekuwa hanyamazi tangu asubuhi, alinyamaza.

Hekalu lenyewe zamani lilikuwa chini, kwenye kisiwa cha mchanga mtoni. Mwaka 1889 mafuriko yakalibomoa, yaliyosalia yakahamishiwa kilimani. Kule chini pamebaki nyasi, miti mirefu, na torii, yaani lango la hekalu, la chuma lenye urefu wa karibu mita 34. Mimi Mlutheri sikupiga makofi ya kusali kama wenzangu walivyofanya kule juu hekaluni. Nilivua kofia. Nilimkumbuka babu yako alivyokuwa akitoka nje alfajiri, anageukia kilele cha Kibo, hasemi na mtu.

Jioni tukalala Yunomine, mahali pa chemchemi za maji moto, ambapo watu huchemsha mayai kwenye maji yanayobubujika. Kuoga uchi pamoja na watu nisiowajua, hilo, mwanangu, hukuniambia.

Kama kuna mahali raha iliniharibia, ni siku ya mwisho. Kutoka Koguchi hadi Nachi kuna kilomita kama 14 na nusu za mlima, na mwinuko mmoja wanauita wa kuvunja mwili. Sisi tukazungushwa kwa basi, tukapanda ngazi za mawe za Daimon-zaka, tukaonyeshwa maporomoko ya maji ya Nachi, mita 133. Ni mazuri mno, sikatai. Lakini niliyatazama kama mtu aliyeandaliwa chakula kabla njaa haijamshika. Begi kupanda gari sikuona ubaya. Miguu yangu kupanda gari, hapo ndipo wenzako wana hoja. Nikijaliwa kurudi, hicho kipande nitakitembea, na wewe uwe nyuma yangu.

Sasa jambo linalonisumbua. Siku ya kuagana nilimpa yule kijana wa mizigo tipu. Unajua sisi wagumu, wapagazi wa mlimani, tulivyoishi kwa tipu. Mgeni akisahau, wiki nzima nyumbani mnatazamana. Kijana akainama, akanirudishia kwa mikono miwili. Nikampa tena, akarudisha tena, akawa mwekundu. Mwongozaji akaninong'oneza kwamba kwao haiko hivyo, malipo yake yamo kwenye safari. Nikarudisha pesa mfukoni, lakini usiku ule usingizi ulikuja kwa shida.

Nimekaanga kahawa yetu, nusu kilo, mama yako ameifunga vizuri. Nitampa mtoto wa jirani anayekuja huko mwezi ujao. Ikifika, ipeleke Takijiri mwenyewe, umtafute. Akikataa, mwambie hiyo si tipu, ni kahawa ya shambani.

Baba yako