Maswali yenu kuhusu kusoma online: bando, umeme na kamera zilizozimwa

Maswali yamekuwa mengi, nimechukua matano. Twende.

Bando la wiki linaisha siku mbili tu na lekcha zote ni laivu. Nifanyeje?

Pole sana mdogo wangu, hili nalijua vizuri, kuna muhula mzima nilikuwa nachagua somo gani niingie na lipi niliache kwa sababu ya data. Elewa kwanza kwamba kinachokula bando ni picha. Saa moja ya Zoom yenye video za watu wengi inaweza kumaliza karibu GB 1 na hata zaidi, wakati sauti peke yake kwa kawaida haifiki MB 100. Kwa hiyo zima kamera yako, halafu zima na video za wenzako zinazoingia, hapa ndo wengi wanakosea, mtu kazima ya kwake tu anashangaa bando bado linayeyuka. Zuia apu zisijiapdeti zenyewe. Kama chuo chenu kinatumia Moodle, ule mfumo wa mtandaoni wa kuwekea notsi na testi, weka apu yake kwenye simu, ukipata waifai hata dakika 20 unapakua notsi za wiki nzima unakuja kuzisoma bila mtandao, na mmoja akishapakua anawarushia wenzake kwa bluetooth au memori kadi, hakuna haja watu 30 kulipia faili lile lile.

Ulizeni pia kama kuna makubaliano na kampuni za simu. Afrika Kusini mwaka 2020 tovuti za vyuo zilifunguliwa zisikate data, lakini mjue mpango wa namna hiyo mara nyingi haugusi video zilizowekwa YouTube, hizo zinaendelea kukata kama kawaida.

Mwanangu yuko chuo, kutwa yuko kitandani na simu, akiulizwa anasema yuko darasani. Ananidanganya?

Shikamoo mama. Inawezekana kabisa anasema kweli. Wengi hawana laptopu, wanaandika insha ya kurasa 10 kwa kidole gumba kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kitandani pengine ndo mahali pekee ndani ya nyumba penye netiwiki na utulivu kidogo. Mwombe ratiba yake ujue saa za kutomtuma. Jioni muulize leo kasoma nini akueleze kwa maneno yake, aliyesoma atakueleza tu hata kama mada ni ngumu.

Umeme ulikatika katikati ya testi, niliporudi nikakuta imejifunga. Mhadhiri anasema ni uzembe wangu.

Siyo uzembe, na usikubali kirahisi. Moodle inahifadhi majibu yenyewe kila baada ya muda mfupi, kawaida dakika moja, na inaweka kumbukumbu ya saa uliyoingia na swali ulilofikia, kwa hiyo ushahidi upo huko huko kwenye mfumo. Mwandikie siku hiyo hiyo, kwa heshima, taja saa umeme ulipokatika, omba aangalie kumbukumbu zako, na mwambie mfumo unamruhusu kumwongezea mwanafunzi mmoja muda au kumfungulia tena bila kuwagusa wengine. Akikataa peleka kwa mkuu wa idara kwa maandishi. Testi ijayo ingia na chaji kamili, na andika majibu marefu pembeni kwanza ndo unayaweka.

Cheti cha kusoma kwa mbali kitaheshimika kweli?

Kikitoka chuo kinachotambulika, ndiyo. Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa mbali, mwaka 1989 akiwa bado kifungoni, na alisoma kwa posta.

Mimi ni mhadhiri. Wanafunzi 80 wote wamezima kamera, naongea na maboksi meusi, sijui hata kama wapo.

Mwalimu wangu, nashukuru umeuliza maana wengine wanafoka tu. Wapo. Kamera imezimwa kwa sababu ya bando, simu kupata moto, chumba cha watu watano, mtoto analia nyuma, au mtu tu anaona aibu wenzake waone anakoishi. Mwaka 2020 shule na vyuo vilipofungwa, UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 walioguswa, na vyuo vingi kwa haraka ile vilichukua lekcha ya saa mbili kama ilivyo vikaitupa kwenye Zoom. Mtu kama Mandela aliyesoma kwa posta, bahasha ilimsubiri. Lekcha ya laivu haimsubiri mtu, netiwiki ikikatika dakika 15 mwanafunzi kaachwa na hakuna pa kurudi kusikiliza.

Rekodi sauti ya dakika 10 au 15 kwa kila wazo moja, tuma pamoja na PDF nyepesi siku mbili kabla, halafu laivu iwe nusu saa ya maswali tu, wanaoweza waongee na wasioweza waandike kwenye chati. Ukitaka kujua kama wapo uliza swali dogo katikati wajibu kwa herufi moja, A au B. Utaona majibu yanavyomiminika toka kwenye hayo maboksi meusi, na mengine yatakuja dakika tano baadaye netiwiki ikirudi, na hayo nayo yapokee.