Maswali ya Wasomaji: Bodi ipi kwa kifaa cha kurekodi vipimo?

SWALI: Naunda sampuli ya kwanza ya kifaa cha kubebeka, kirekodi joto kila dakika 10 kwa betri, miezi kadhaa. Nianze na Arduino Uno au Raspberry Pi?

JIBU: Raspberry Pi iache. Ni kompyuta kamili inayokula umeme mwingi, na umeme ukikatika inapoandika, kadi ya SD huweza kuharibika. Uno ni ya kujaribia mezani: hula takriban miliampea (mA) 45 hata ikiwa haina kazi, kwa hiyo betri ya mAh 2,000 haimalizi siku mbili.

Chukua Arduino Pro Mini, bodi ndogo ya volti 3.3. Ng'oa taa yake ya LED inayowaka muda wote, kisha iweke bodi katika hali ya usingizi kati ya vipimo. Itashuka chini ya mA 1.

Mlafi wa umeme anayesahaulika ni kadi ya SD ya kuhifadhia vipimo. Ikiandika huweza kufika mA 100, volti zikazama na bodi ikajiwasha upya katikati ya faili. Weka kapasita ya maikrofaradi 100 karibu na kadi, na kusanya vipimo kadhaa kabla ya kuandika.

Kwa saa ya kuonyesha wakati wa kila kipimo, tumia chipu ya DS3231. Angalia tu: moduli zake nyingi za bei nafuu huchaji betri yake ndogo ya akiba, na CR2032 (betri ya kidonge) haichajiwi kamwe! Ukiilisha moduli volti 5, ng'oa kwanza rezista ya omu 200 iliyo kando ya dayodi.